Mama kagoma kupima sukari, hii tiba ya kuongea inasaidia kweli?

binti_makorora: Habarini wadau, nipo Tanga. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, zamani alikuwa anakunywa vidonge vyake vya metformin vizuri tu ila tangu wamuanzishie insulini kabadilika, kutoboa kidole hataki, mashine ya kupimia kaifungia kabatini, ukimuuliza anakwambia nimechoka mwanangu niacheni. Juzi usiku nimemkuta jikoni anakula wali wa nazi, taa kazima. Ndugu wanasema ukaidi, wengine eti katupiwa kitu. Kliniki foleni ndefu, daktari anaangalia daftari anaongeza dozi basi. Nimesikia kuna ushauri wa kisaikolojia kwa wagonjwa wa sukari, unafanyaje kazi?

nesi_mstaafu: Pole mwanangu. Huo sio ukaidi, kuna watu wanachoshwa na ugonjwa wenyewe, kupima, kujidunga, kukatazwa chakula kila siku bila likizo. Ni kitu kinachojulikana mpaka kina dodoso lake la maswali 20, linaitwa PAID, tangu miaka ya 1990. Na mawazo yenyewe yanapandisha sukari maana homoni za stresi zinalisukuma ini kumwaga sukari kwenye damu. Sasa tiba ya kuongea ziko aina kadhaa. Moja inamsaidia mtu kulikamata wazo linalomuumiza, wagonjwa wengi wakianzishiwa insulini wanadhani ndio wamefika mwisho, wakati ni kongosho tu limechoka na mwili unaongezewa kilichopungua. Nyingine ilianzia kwa watu wenye shida ya pombe, aliiandika William Miller mwaka 1983, pale mshauri hatoi amri, anauliza "kwenye haya yote kipi kinakuchosha zaidi?" halafu ananyamaza anasikiliza. Hata wewe nyumbani jaribu hivyo, acha kwanza hilo la "umepima?" kila asubuhi. Ila insulini isiachwe, kuongea hakuchukui nafasi ya dawa.

baba_chumbageni: Mimi nadunga insulini mwaka wa ngapi huu. Dada huo wali wa usiku usiuchukulie kama uroho, sukari ikishawahi kukushuka usingizini, jasho mwili mzima, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, unaogopa kulala na tumbo tupu na unaogopa hata sindano yenyewe. Muulize taratibu mkiwa wawili tu, shangazi na wajomba wasiwepo.

binti_makorora: Nimemuuliza jana tukichambua mchicha. Kweli kabisa, anasema aliwahi kuamka kalowa jasho hawezi kusimama, akanyamaza asitutie hofu. Nimelia jamani.

nesi_mstaafu: Basi usisubiri tarehe ya kliniki, mrudishe na umwambie daktari hilo kabla ya kitu kingine chochote, dozi ya jioni iangaliwe upya. Sukari chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L ni ya kutibu hapo hapo, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Daktari akimaliza omba rufaa ya kuonana na watu wa afya ya akili, Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa anzieni hapo. Ukiona halali usiku, hali chakula, au anaongea habari za kufa, siku hiyo hiyo mpeleke, sonona kwa wenye kisukari ni takriban mara mbili ya watu wengine.

binti_makorora: Asante sana mama. Kesho asubuhi tunaenda, na kakubali mwenyewe kuibeba mashine.