Nimepata kazi studio ya animesheni, mkataba miezi 6, niache ajira ya kudumu?

fremu_kwa_fremu
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wenu maana hapa usingizi sipati. Nina miaka 27, niko kitengo cha dizaini kwenye kampuni ya uchapishaji hapa Dar, mwaka wa nne huu, nimeajiriwa, NSSF inaingia, bima ya afya ipo na mshahara hauchelewi. Usiku nikirudi nafungua Blender, programu ya kutengeneza katuni kwenye kompyuta, najifunza kuanimeti, miaka 3 sasa, juzi kati nikaweka mtandaoni kaklipu ka sekunde 40 ka bibi anasonga ugali huku mjukuu anamsumbua, studio moja wakakaona wakaniita, wakanipa jaribio nikafaulu. Wanataka nianze mwezi ujao kwenye katuni ya watoto, mteja wao yuko nje.

Hela ni mara moja na nusu ya ninayopata sasa. Ila mkataba ni miezi 6, umeandika mimi ni "mtoa huduma", na kwenye saa za kazi wameandika tu "kulingana na mahitaji ya mradi". Mke wangu anatarajia kujifungua katikati ya hiyo miezi. Hii kazi naipenda kweli, ni ndoto yangu toka nikiwa mdogo, lakini nikiangalia nyumbani naogopa. Waliowahi kufanya kazi studio hali ikoje huko ndani?

penseli_HB
Hongera kwanza mkuu, kufaulu jaribio la studio sio mchezo.

Mimi nilikaa studio moja hapa mjini miaka 2 na nusu, mikataba mitano ya miezi sita sita, na ule wa mwisho nilisaini nikiwa nimeshafanya kazi wiki 3. Kazi yenyewe tamu sana sikufichi, unakaa na watu wanaojua, ndani ya mwezi unajifunza vitu ambavyo peke yako ungevihangaikia mwaka mzima. Shida ni pale tarehe ya kukabidhi ikikaribia. Tulikuwa tunalala pale pale, mtu kajikunja kwenye kochi, mashine inarenda (inatoa picha za mwisho) usiku kucha, ikigoma saa nane usiku unaamka wewe. Halafu mteja anatuma ujumbe rangi ya gauni ibadilishwe, sini 14 zinarudiwa, na malipo ni yale yale kwa sababu mkataba wa studio na mteja haukuweka idadi ya marekebisho, kwa hiyo uzembe wa aliyejadili mkataba unaulipia wewe kwa usingizi wako.

Kilichoniuma zaidi ni mwisho wake. Mteja aliufuta mradi katikati, na sisi tulikuwa tumesaini karatasi ya siri, huruhusiwi kuonyesha chochote mpaka katuni itoke. Haikutoka. Miezi 11 ya kazi yangu nzuri kuliko zote siwezi kumuonyesha mtu, natafuta kazi naonekana kama nilikuwa nimekaa bure nyumbani.

Kwa hiyo waulize, hela ya episodi ngapi imeshaidhinishwa? Na mradi ukifutwa utaruhusiwa kuonyesha kazi yako angalau kwa mwajiri faraghani? Wakizunguka zunguka kwenye hilo la kwanza ujue bado wanasubiri mteja aamue.

animeta254
Niko Nairobi na story ni hiyo hiyo. Wengi wetu hapa tulianza kuamini hii kazi kwa ajili ya Tinga Tinga Tales, ilitengenezwa hapa hapa Nairobi kwa style ya wachoraji wenu wa Tingatinga, episodi 52, ikaonyeshwa CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, kuanzia 2010. Vijana wengi walijifunzia pale. Lakini kitu ya ukubwa huo huwa inakuja na mwisho wake, episodi zikiisha kila mtu anatafuta yake, wengine wakawa frilansa wengine wakafungua vistudio vyao.

Na usidhani ni shida ya Afrika tu. Pixar, studio kubwa ya katuni ya Marekani, walipunguza wafanyakazi karibu 175 Mei 2024, kama asilimia 14 hivi, na mwezi uliofuata filamu yao ikaingia sinema na kupita dola bilioni 1.6. Yaani kazi ilifanikiwa na bado watu walienda nyumbani. Blue Sky, wale wa Ice Age, walifungwa 2021 baada ya Disney kununua Fox, watu kama 450. Technicolor, kampuni ya Ufaransa ya animesheni na picha za filamu, ilianguka Februari 2025, na huko India maelfu walibaki bila kazi ndani ya siku chache tu. Kuna hata kesi ya Marekani ambapo studio kubwa zilishtakiwa kwa kukubaliana zisinyang'anyane wafanyakazi ili mishahara isipande, zikalipa zaidi ya dola milioni 168 kuimaliza.

Sikuvunji moyo, mimi bado niko kwa hii game mwaka wa 8. Nasema tu jina kubwa la studio halikulindi. Weka akiba ya miezi mitatu minne kabla uhame, na usiache wateja wako wadogo wadogo.

dada_wa_rasilimali_watu
Mdogo wangu, mimi nashughulika na mambo ya ajira, hapo kwenye neno "mtoa huduma" ndipo pa kukaa ukasoma mara mbili.

Sheria ya ajira ya 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Lakini hayo ni ya mwajiriwa. Ukisaini mtoa huduma wao wanahesabu huna ovataimu, huna NSSF, huna notisi. Habari njema ni kwamba jina walilokupa haliamui kila kitu. Sheria ya taasisi za kazi inaangalia hali halisi, kama wanakupangia saa na namna ya kufanya kazi, wanakupa vifaa, na unawategemea wao kwa kipato, unaweza kuhesabika mwajiriwa hata kama karatasi inasema vingine. Sasa wewe utakaa ofisini kwao, kwenye mashine yao, saa wanazotaka wao. Tunza meseji na ratiba zote, maana likitokea la kutokea, kesi ya kuachishwa unaipeleka CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30.

Ila angalia na hili, kinga ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Na mkataba wako ni miezi 6. Omba mwaka.

Halafu bima. Muulize HR wako wa sasa bima ya mke inakoma lini ukiondoka, uliza kabla hujaandika barua. Kujifungua kwa upasuaji bila bima kutakula ile nusu ya ziada yote uliyoifurahia.

fremu_kwa_fremu
Asanteni sana, hasa dada hapo kwenye bima, sikuwa nimewaza kabisa na nimemuonyesha mke wangu akakaa kimya muda mrefu.

Leo mchana nimewapigia. Episodi zilizoidhinishwa ni 6 kati ya 26, hela yake ipo. Mwaka wamekataa, wamekubali miezi 9. Saa za kazi wamesema wataandika 45 na ovataimu ilipwe. La kuonyesha kazi faraghani wanasema lazima wamuulize mteja, na bima hawana.

penseli_HB
Sita kati ya 26, basi panga maisha yako kwa hizo sita. Bima mkatie mke mwenyewe na uangalie kama ina muda wa kusubiri kwenye uzazi. Na barua ya kuacha kazi usiiandike mpaka hayo waliyokuambia kwa simu yarudi kwenye karatasi yenye sahihi.

fremu_kwa_fremu
Nimewatumia email yenye kila tulichoongea, wamesema Jumatano wanarudisha mkataba mpya. Nitawaambia.