USHAURI: Tunapunguza vitu nyumba ya marehemu bibi, Ngamiani. Kipi kitoke, kipi kibaki?

MkaziNgamiani
Assalaam alaykum, na habari zenu wadau. Nyumba ya bibi hapa Tanga ina vyumba sita, viwili havipitiki. Kuna kasha la njumu za shaba (misumari ya mapambo) lililokaa sakafuni, kanga doti arobaini na kitu, mikeka ya ukindu, sinia, kinu, mbuzi tatu za kukunia nazi, albamu za picha na fuko la vitabu vya khati ya Kiarabu. Mlango wa mbele ni wa kuchongwa, dalali ameshaanza kuuulizia. Tunataka chumba kimoja kiwe wazi kabla ya masika. Tuanzie wapi?

MirathiKwanza
Waalaykum salaam, poleni kwa msiba. Anzeni na daftari. Kila kitu kipewe namba, kipigwe picha, iandikwe kilikuwa chumba gani na nani alikitumia. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, kilichobaki ni haki ya warithi wote, kwa hiyo hata ungo usitolewe sadaka kabla hawajaridhia. Akiwepo mrithi ambaye hajabaleghe, fungu lake halitolewi kwa ridhaa ya mtu mwingine, na hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema kabisa. Halafu ulizeni majirani: sinia na masufuria ya shughuli huazimwa sana mitaani, huenda nusu ya mlivyonavyo vina wenyewe.

FundiMakasha
Kasha libaki, ila litoke sakafuni leo. Saruji inapandisha unyevu, kitako kinaoza huku juu panang'aa. Liinue kwa vipande vya mbao ngumu, sentimita 10 kutoka chini na 10 kutoka ukutani. Kabla ya kuligusa, kagua kile kisanduku kidogo cha pembeni kwa ndani, mengine yana vidroo vya siri hapohapo, na hati za shamba hukaa humo.

Tandika karatasi nyeusi chini yake wiki moja. Ukiona unga mpya, wadudu wa mbao bado wako hai: ingiza dawa ya mbao kwenye matundu kwa bomba la sindano, acha kasha wazi mpaka harufu iishe kabisa ndipo urudishe nguo. Ukiona vifereji vya udongo, hao ni mchwa, wanatoka ardhini, kutibu kasha peke yake ni kazi bure.

Njumu usizisugue kwa ndimu wala ukwaju. Tindikali inapenya nyuma ya misumari, inaota kijani na mbao inakuwa nyeusi. Kitambaa kikavu kinatosha. Sinia ya shaba isiyo na mbao unaweza kuisafisha kwa ukwaju dakika chache, ioshe, ikaushe papo hapo.

BintiDoti
Kanga msizichague kwa rangi kupauka. Zitandaze kivulini, piga picha mji (sehemu ya katikati), pindo na jina (maandishi yake) lote lisomeke. Yenye jina kwa khati ya Kiarabu ni ya zamani, ibaki hata kama ina tundu. Doti ambayo haijakatwa ibaki nzima, msigawane kipande kipande. Zilizochakaa zisizo na historia ziwe mbeleko au foronya, zitumike.

Kwa wadudu: mfuko wa plastiki uliofungwa bila hewa, friza ya nyuzi -18, wiki mbili. Ukitoa usifungue mpaka kesho yake, vinginevyo umande wa baridi utalowesha kitambaa. Kisha zungusha kwenye bomba lililovishwa kitambaa cheupe cha pamba, maana mikunjo ya miaka ndiyo inayokata nyuzi. Naftalini achaneni nayo kama kuna mtoto mchanga ndani. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na hali hiyo ipo sana kwetu pwani, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu. Karafuu na mwarobaini vinafukuza tu, mayai hayafi.

MkaziNgamiani
Allah awalipe. Kuhusu vitabu, shangazi anasema vilivyochakaa vichomwe vyote.

KhatiNaPicha
Mwambie shangazi, kwa heshima zake, asubiri msomaji. Fuko moja huchanganya misahafu, juzuu, barua, hati na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa mkono. Misahafu iliyochakaa ina adabu yake, imamu atawaelekeza. Karatasi za mkono pigeni picha kila ukurasa. Mkiamua kuzitoa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinahifadhi miswada ya namna hiyo. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu, wino wa zamani ukiguswa na maji unatiririka.

Picha zilizoganda kwenye albamu msizibandue. Pigeni picha ukurasa mzima karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Zilizo huru, majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini. Kaeni na wazee wiki hii hii, majina ndiyo yanayopotea kwanza.

FundiMakasha
Vilivyobaki ni vyepesi. Mbuzi bakizeni moja yenye chuma kizima. Mikeka iliyoota ukungu ipigwe brashi nje, ianikwe jua la asubuhi, kisha izungushwe, isikunjwe. Kinu kisioshwe na kuachwa juani, kitapasuka.

Mlango, dalali asiwaharakishe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na kuuza au kupeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Ulizeni kwanza Idara ya Mambo ya Kale, na mpaka mjibiwe fremu ising'olewe.