Tupeane uzoefu: kine (mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo) alikuambia nini juu ya maumivu yako yasiyoisha?

Mama Zawadi, Kyeshero, Goma:
Jana nilikutana na mama mmoja anatoka kwa kine akilia, picha ya radio (eksirei) mkononi, nikakumbuka yangu. Kine wangu wa kwanza aliinua radio kwenye dirisha akasema: "Mama, mgongo huu umekwisha. Usibebe tena kitu." Nilikuwa na miaka 34. Nikaacha kuchota maji Kituku, nikaacha hata kufagia, mtoto akininyooshea mikono namkatalia. Miezi sita hivyo, na maumivu yakazidi tu. Ninyi mliambiwa nini?

Papa Chukudu:
"Mifupa inasagana." Hadi leo nikiinama naisikia ikisagana.

Yaya Neema:
Yangu ni ndefu, mnivumilie. Mgongo ulikuwa umenitesa miaka minne. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ikalipuka, mbingu ikawa nyekundu, mnajua. Bwana alikuwa Bukavu. Nikamfunga mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, tukafuata umati kwenye barabara ya Sake. Mimi ambaye asubuhi ile nilivalishwa viatu! Tulitembea hadi alfajiri, zaidi ya kilomita 20, sikusikia mgongo hata kidogo. Tulipofika nikamteremsha mtoto, yakarudi yote kwa mara moja, nikalala juu ya makoro, yale mawe ya volkano, nisiweze kugeuka.

Baadaye nikamweleza kine wangu. Akacheka: "Unaona? Usiku ule mgongo ulikuwa wapi?" Mbele ya wagonjwa wengine. Sikurudi kwake tena.

Papa Chukudu:
Usiku ule! Sisi tulikimbilia Gisenyi, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Kasereka:
Nyumba yetu ya Buhene ilimezwa.

Mama Zawadi:
Poleni sana. Lakini turudi kwa makine, jamani.

Kasereka:
Kwa heshima, Yaya, huyo kine alisema kweli. Kama uliweza kutembea, basi ni mawazo.

Yaya Neema:
Mawazo hayakuamshi saa tisa za usiku unalia. Usihukumu usichokionja.

Kine wa Himbi:
Mimi ni kine, na kicheko kile kimeniumiza. Hatari kubwa ikija, ubongo unaweza kuyafungia maumivu mlango ili ukimbie, ikipita unafungua. Ni kazi ya mwili, Yaya hakudanganya. Maumivu yakipita miezi mitatu, mara nyingi jeraha lenyewe limeshapona, ila mishipa ya fahamu imebaki kama mbwa aliyeingiliwa na mwizi mara moja: hata mtoto wa nyumbani akipita, anabweka. Na radio! Watu wengi wasioumwa popote wana mgongo "uliochakaa" kwenye picha. Siku hizi naanza na swali: "Unaogopa kufanya nini?"

Mama Zawadi:
Wa pili aliniuliza vilevile! Tukaanza na bidoni ya lita 5, polepole. Leo nabeba ya 20, na mtoto nambeba.

Papa Chukudu:
Mimi niliambiwa nilale juu ya ubao.

Mama Riziki:
Ubao hapana, godoro la ugumu wa wastani. Na maji ya moto jioni.

Mzee Bahati:
Msiwatie wote kapu moja. Mdogo wangu aliambiwa mazoezi tu, huku anakonda, homa kila jioni, mwisho miguu ikafa ganzi. Kumbe ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ukiona hayo, au mkojo unatoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kasereka:
Yaya, unisamehe.

Yaya Neema:
Yameisha. Kine wa Himbi, unapokea wagonjwa siku gani?