Ukoo wa Babu Uyole: steringi au adui?

Shangazi Atu, 19:42
Shikamoo baba. Kaka, niko sebuleni kwako. Mwanao anampiga mgonjwa kwenye TV mpaka mtu anakohoa damu. Chai imenishinda.

Gwamaka, 19:43
Shangazi 😂 ni gemu hiyo

Shangazi Atu, 19:44
Nimemuuliza, huyu mwenye kofia ndiye adui? Ananijibu "hapana, ndiye steringi". Steringi gani anapiga mgonjwa nyumbani kwake?

Gwamaka, 19:47
Anaitwa Arthur Morgan. Red Dead Redemption 2, gemu la 2018, ila hadithi ni ya Marekani mwaka 1899. Kundi lao la majambazi linakopesha masikini kwa riba. Strauss anashika daftari, Arthur anatumwa kudai. Huyo mkulima, Thomas Downes, alikopa.

Shangazi Atu, 19:47
Kumbe kausha damu!

Baba Gwamaka, 19:48
😂😂😂 kausha damu ya 1899

Shangazi Atu, 19:53
Usicheke kaka. Mwaka juzi viazi vyangu viliozea njiani, nikakosa rejesho wiki tatu. Wakaja wawili pale Ilemi. Mkubwa akabaki mlangoni anaandika. Kijana ndiye aliyeingia. Maharage yapo motoni. Akazima gesi, akatafuta kitambaa asiungue, akashusha sufuria sakafuni taratibu kama yai. "Samahani mama." Jiko akabeba. Usiku tukatafuna maharage magumu.

Gwamaka, 19:54
Sasa huyo ndiye Arthur shangazi!! Haipendi kabisa hiyo kazi, na anasema

Shangazi Atu, 19:54
Haipendi na anaifanya. Pedi ya gemu ilikuwa mkononi kwa nani?

Gwamaka, 19:55
Misheni hiyo hairukwi. Usipompiga hadithi haiendi

Da Subi, 20:01
Nachungulia tu, niko zamu. Mgonjwa alimkoholea usoni?

Gwamaka, 20:01
Ndiyo, hapo ndipo anapopata TB

Ambwene, 20:02
Oya! Mimi niko chapta ya pili, mbona unanimalizia utamu

Da Subi, 20:04
TB inapita kwenye hewa, si kwenye ile damu. Na 1899 kidudu chake kilishajulikana, daktari Koch alikitangaza 1882, ila streptomycin, dawa ya kwanza ya kuitibu, imekuja 1943. Kwa hiyo huyo wa kofia ni marehemu. Siku hizi ni vidonge miezi sita, bure. Na ninyi mnaoziba madirisha yote kisa baridi ya Uyole, fungueni.

Babu, 20:06
STERINGI HAFI

Gwamaka, 20:09
Babu shikamoo. Huyu anakufa, ila kifo chake unakitengeneza wewe. Kuna kipimo cha heshima, ukionea watu kinashuka. Kikiwa juu na ukamtorosha John, mwenzake wa kundini, anafia mlimani akitazama jua linachomoza. Kikiwa chini, Micah, msaliti wa kundi lao, anammaliza.

Babu, 20:10
BASI SI STERINGI

Baba Gwamaka, 20:11
Adui ni huyo Micah, kesi imeisha

Ambwene, 20:12
Kwangu ni Strauss. Hapigi mtu hata kofi, yeye na daftari lake tu

Shangazi Atu, 20:12
Yule wa mlangoni 👆

Gwamaka, 20:14
Mwishoni Arthur anamfukuza Strauss kambini. Na ukitaka, unaweza kusamehe watu madeni, ukampelekea na mjane wa Downes hela.

Shangazi Atu, 20:15
Mjane alimpokea?

Gwamaka, 20:16
Mwanzoni hakutaka hata kumwona. Alishafikia kujiuza, mtoto wake yuko mgodini

Shangazi Atu, 20:16
Huyo mama nampenda. Na hizo hela, alipeleka akijua anakufa?

Gwamaka, 20:17
Ndiyo

Shangazi Atu, 20:17
Eeh. Daktari kwanza, toba baadaye.

Da Subi, 20:20
Shangazi, wengi wakishapewa majibu wanakuwa wakali zaidi. Nawaona kila siku.

Shangazi Atu, 20:26
Sikatai Subi. Yule kijana nimekutana naye Kabwe juzi, anaendesha bajaji sasa. Alinitambua kabla sijamtambua. Akanishusha mpaka mlangoni, akagoma nauli.

Ambwene, 20:26
Ukashuka bure?

Shangazi Atu, 20:27
Nikamwachia kwenye siti. Sitaki anidai na shukrani.

Gwamaka, 20:28
Kwa hiyo shangazi, adui au steringi?

Shangazi Atu, 20:29
Washa, nipeleke kwa huyo mama

Gwamaka, 20:31
Baba, luku imeisha 🙏🏾