Waserbia wa zama za kati: taifa au watu wa mfalme tu?

Mkaazi wa Kikwajuni:
Assalam aleykum wanajamii. Jana barazani palichafuka, mmoja kashikilia Waserbia walikuwa taifa tokea enzi za mtawala wao Stefan Nemanja karne ya 12, mwengine anasema taifa ni mambo ya karne ya 19, kabla ya hapo kulikuwa na mfalme na watu wake basi. Wenye kusoma historia, nani yupo sawa?

Bint Wete:
Waaleykum salaam kaka. Wa mwanzo ana hoja. Nemanja mtoto wake Stefan kavishwa taji 1217, taji limetoka kwa Papa wa Roma, halafu 1219 mdogo wake Sava akenda Nicaea, alikokuwa patriaki mkuu wa kanisa la Wagiriki, akarudi na kanisa la Waserbia linalojitegemea, yeye ndo askofu mkuu. Hapo ndo pa kuangalia khasa, kwa sababu dola ilikufa, mji wake mkuu Smederevo ukachukuliwa na Waturuki 1459, lakini 1557 Patriaki wa Peć, yaani mkuu wa kanisa hilo la Waserbia, akarudishwa chini ya Waturuki haohao, na Nemanja na Sava walishafanywa watakatifu, kwahiyo mkulima asojua hata kusoma anawasikia majina yao kwenye ibada.

Shekhe Ng'ambo:
Kwenye kanisa sina ugomvi dada. Ila soma sheria za 1349 za Dušan, mtawala wa Waserbia. Sebri, yaani watu wa chini, akimtukana bwana analipa perper 100, pesa za wakati ule, na juu yake anababuliwa kwa moto, bwana akimtukana sebri analipa hizo 100 tu kesha. Na sebri wakifanya mkutano wao adhabu ni kukatwa masikio! Taifa gani hilo ambalo wengi wao hawana ruhusa ya kukaa kikao? Na Dušan mwenyewe 1346 pale Skopje alitawazwa kaisari wa Waserbia na Wagiriki, hakutaka nchi ya Waserbia peke yao.

Bint Wete:
Kwa kipimo hicho basi Ulaya nzima karne ile haina taifa. Mbona hapa kwetu Wahadimu walikuwa na Mwinyi Mkuu wao, Watumbatu na Sheha wao, hawakungoja mtu aje kuwaambia wao ni nani.

Shekhe Ng'ambo:
Ndo nnavyosema, Ulaya nzima. Kujijua walijijua, hilo nakupa. Lakini uasi wa 1804 wa Waserbia dhidi ya Waturuki, kiongozi wake Karađorđe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, si mtu wa ukoo wa kifalme, na waliomfuata wengi wakulima. Wale ambao Dušan angewakata masikio kwa kukutana ndo waliokutana wakamchagua yeye. Mie taifa nalihesabu kuanzia hapo.