Wiki tatu naambiwa "zima ruta, washa ruta", kumbe fundi wao ndiye aliyevuruga mtandao wangu

Wakuu, nina hasira. Kila nikipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni yangu ya intaneti naambiwa nizime ruta, nisubiri sekunde 30, niwashe. Wiki tatu!

Wifi imejaa, taa zote kijani, ila laptopu yangu inafungua kurasa na ya mwanangu haifungui kitu. Kesho yake mambo yanageuka. Printa asubuhi ipo, jioni haionekani. Nikiwaeleza, wananiambia nina virusi. Mwanangu kachelewa kutuma kazi ya shule kwa ajili ya haya, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jana usiku nikakaa nayo mwenyewe. Nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, kwenye kompyuta zote mbili. Yangu ina anwani 192.168.1.14, ya mwanangu 192.168.0.102. Nyumba moja, laini moja ya intaneti, anwani za makundi mawili zimetoka wapi? Kwenye ile ya mwanangu nikapingi (yaani nikajaribu kama inajibu) 192.168.0.1, ikajibu. Nikapingi 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje kwenye intaneti, kimya. Nikaingia 192.168.0.1 kwa kivinjari: ni ile ruta ya pili aliyoleta fundi wao ili wifi ifike chumbani! Kaiunga kwa waya na ruta kubwa, kaacha DHCP yake, ile huduma ya kugawia vifaa anwani, inafanya kazi, kaondoka.

Yaani ruta mbili zinagombania kugawa anwani, na kompyuta kwa kawaida huchukua ya iliyowahi kujibu. Ukiangukia ruta kubwa, intaneti unayo. Ukiangukia ndogo, unaelekezwa kupitia kifaa ambacho chenyewe hakina njia ya kutoka nje. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kulisaidia mara mojamoja, na wao kila mara wakaandika kwamba tatizo limekwisha. Halijawahi kwisha hata siku moja!

Nimezima DHCP ya ruta ya pili, nikaipa 192.168.1.2 ambayo ruta kubwa haigawi, waya nikahakikisha uko kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani ya nyumba). Dakika kumi tu. Hakuna aliyewahi hata kuniuliza kompyuta imepata anwani gani.

Nataka siku hizo zikatwe kwenye bili, na fundi yule arudi kukagua kila nyumba aliyofunga ruta ya pili. Kama nawe umeongezewa ruta na intaneti inakuja na kupotea, angalia anwani zako leo, kisha andika hapa umekuta nini.