Kizazi kimetolewa, ovari zimebaki: mbona joto la ghafla?

Nasra_TG
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mwanamke wa miaka 43 katolewa kizazi kwa ajili ya faibroidi (uvimbe wa kizazi), sasa ni mwezi wa nne tangu upasuaji. Aliambiwa ovari (vifuko vya mayai) zote mbili zimeachwa, dalili za kukoma hedhi asizitarajie. Lakini joto linampanda kifuani hadi usoni, dakika mbili tatu, jasho tele, kisha baridi. Usiku anabadilisha kanga. Usingizi shida, ukeni kukavu. Homa hana. Ovari zimekufa? Apime nini, atumie nini?

Mkunga Mstaafu
Dada, kwanza aisome karatasi ya kuruhusiwa hospitali. TAH ni kutolewa kizazi. BS ni kutolewa mirija. BSO ni kutolewa mirija pamoja na ovari zote mbili. Akiikuta hiyo, ovari hana.

Kama kweli zipo, bado si dhamana. Sehemu ya damu ya ovari hupitia tawi la mshipa wa kizazi, na tawi hilo lazima lifungwe na kukatwa kizazi kinapotoka. Unabaki mshipa wa ovari wenyewe. Kwa wengine ovari huyumba miezi kadhaa zikatengemaa, kwa wengine hudhoofika mapema kuliko ambavyo zingedhoofika. Na kwa umri wa miaka 43, huenda safari ya ukomo ilishaanza kabla ya kisu.

Aangalie pia mzunguko: matiti yakiuma na tumbo kujaa kila baada ya wiki nne hivi, ovari zinafanya kazi, ila damu haina pa kutokea.

Mfamasia wa Mtaa
Niongeze swali: alichomwa sindano ya kusinyaza faibroidi kabla ya upasuaji, goserelini au leuprorelini? Hizo huzima ovari kwa makusudi, na zipo za mwezi mmoja na za miezi mitatu. Joto huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya muda wa dozi kwisha.

Vipimo: FSH (homoni ya kuamsha ovari) na estradioli (estrojeni, homoni ya ovari zenyewe), pamoja na TSH, kipimo cha tezi ya shingo (ikizidisha kazi huleta jasho hilohilo) na wingi wa damu. FSH moja haitoshi, kwa sababu bila hedhi hujui umempima siku gani ya mzunguko, na katikati ya mzunguko hupanda yenyewe. Arudie baada ya wiki 4 hadi 6. Ikizidi 30 mara zote mbili na estradioli iko chini, ovari zimechoka. Kama anameza biotini, vitamini ya nywele na kucha, aiache siku mbili kabla. Huvuruga majibu ya mashine.

Zikiwa zimechoka kabla ya miaka 45, estrojeni si anasa, mifupa na moyo vinaihitaji hadi umri wa kawaida wa ukomo, takribani 51. Kwa kuwa kizazi hakipo, kwa kawaida haongezewi projesteroni, isipokuwa kama aliwahi kuwa na endometriosisi (tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake) au mlango wa kizazi umeachwa. Hapo daktari ataamua. Asiyeruhusiwa estrojeni ni mwenye saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu au kupata kiharusi, au mwenye ini bovu.

Nasra_TG
Karatasi inasema TAH + BS. Sindano hakuchomwa. Ila anameza dawa za presha.

Mfamasia wa Mtaa
Presha iliyodhibitiwa haizuii. Kibandiko cha estrojeni cha ngozini, mikrogramu 25 hadi 50, hubadilishwa mara mbili kwa wiki, ni salama kuliko kidonge upande wa kuganda damu. Hakipatikani kila duka, aulize kwanza. Akikataa homoni, venlafaksini (dawa ya sonona) hupunguza joto lakini hupandisha presha. Kwake afadhali gabapentini (dawa ya neva) miligramu 300 usiku, inasaidia na usingizi, ila asubuhi huweza kuamka na kizunguzungu. Zote kwa cheti cha daktari.

Mkunga Mstaafu
Ukavu una dawa yake: krimu ya estrojeni ya ukeni, au kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi hupasua kondomu za mpira. Na jasho la usiku likija na homa, kikohozi au kupungua uzito, apimwe TB na asisubiri majibu ya homoni.